Ikizimwa, Oili Inakaa Wapi?

Hakuna kitu cha injini kinachoweza kunishangaza. Nimetoa panya mzima kwenye kabureta. Nimefungua gia boksi iliyoshindiliwa ndizi mbivu ili isipige kelele siku ya kuuzwa. Nimeletewa pikipiki ambayo mwenyewe anaapa imerogwa, nikaiwasha kwa kufungua koki ya petroli tu, na mganga alikuwa ameshalipwa mbuzi. Nina darasa la nne, tena hilo la nne sikulimaliza, lakini watu waliosomea injini vyuoni wamekaa kwenye benchi langu pale Njoro wakisubiri niwaambie pikipiki zao zinaumwa nini. Kwa hiyo ninyi vijana mnaoshika spana leo, msinisome kama hadithi ya babu. Mimi si babu. Nina miaka arobaini na tisa. Mgongo tu ndio una themanini.

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika kabla mlinzi hajafungua geti. Ilikuwa katikati ya miaka ya themanini, kwenye karakana ya shirika moja la umma hapa Moshi. Nilikuwa nimeteremka kwa miguu kutoka Masama hadi barabara kuu, viatu nimevibeba mkononi visichafuke. Aliyenipokea alikuwa Fundi Mkuu, mtu mfupi mwenye kofia ya kufuma, Mwislamu wa mjini ambaye baba yake aliletwa Moshi na kazi ya reli.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Umekuja na nini?"

"Nimekuja na mikono."

"Mikono hata mwizi anayo. Mimi nataka masikio."

Akanipa bisibisi ndefu. Ncha unaigusisha kwenye injini inayonguruma, mpini unaukandamiza sikioni, na hapo unasikia yaliyomo ndani kama daktari anavyosikiliza kifua. Valvu ikilegea inagonga tik-tik-tik kama mtu anayepiga kucha mezani. Beringi ikiisha inasaga kama kinu kikavu. Wiki tatu nzima sikushika spana, nilisikiliza tu. Wenzangu wakasema nimeajiriwa kusikiliza redio. Wacheke. Mpaka leo hakuna sikio kama langu kutoka Himo hadi Bomang'ombe, na nikijivuna kwa hilo ni haki yangu.

Kutoka hapo nilipelekwa ghalani chini ya Mtunza Ghala, mzee mkali aliyekuwa analinda rafu tupu. Vijana hamuijui ile hali. Spea hazikuwepo. Gasketi, yaani kile kipande chembamba kinachokaa kati ya vyuma viwili ili oili isivuje, tulikata kwenye maboksi ya karatasi ngumu. Oili chafu tuliichuja kwa kitambaa tukairudisha. Ringi za pistoni zilizochoka tuliziweka tena na sala. Mtunza Ghala alikuwa na msemo wake: "Andika umeomba, andika hakuna, weka sahihi." Nadhani hapo ndipo nilipojifunza kuandika vizuri.

Baadaye nikahamishiwa kwa Mkuu wa Usafiri, nitunze pikipiki za matarishi na mabwana shamba waliokuwa wanapanda vijijini. Huyu alikuwa na sheria moja tu, na aliisema kila asubuhi huku amesimama kwenye ngazi: "Chombo kinachoteremka mlimani hakili mafuta." Petroli ilikuwa ya kugawiwa kwa kibali. Kwa hiyo ukifika juu, iwe Marangu au Masama, ulizima injini, ukaachia frii, yaani gia huru, ukateremka kimya kimya hadi barabara kuu. Kila mtu wa milimani alifanya hivyo, wa lori na wa pikipiki. Ukikutana na kilima kidogo katikati unafungua swichi, unaingiza gia, injini inashika, unapanda, halafu unazima tena. Mimi niliwafundisha matarishi wote. Nilikuwa hodari sana wa mteremko. Ningeweza kutoka juu hadi chini kwa kuwasha mara nne tu, pale ambapo wengine waliwasha mara kumi.

Likumbukeni jambo hilo, nitalirudia.

Soko huria lilipokuja, shirika letu lilipunguza watu mpaka likajipunguza lenyewe. Fundi Mkuu alistaafu. Mimi nilipewa barua na mkono wa kwaheri, nikachukua bisibisi yangu ndefu nikaenda Njoro. Nikasimamisha nguzo sita na mabati, nikaanza. Sikukopa kwa mtu wala sikurithi kwa baba. Mwaka wa kwanza nililala kwenye boksi la vifaa. Mwaka wa tatu watu walikuwa wanapanga foleni. Sasa spea zilikuwepo hata za kukanyaga: makontena ya vyuma vilivyotumika Japani yalimwagwa bandarini, na mabaki yake yakapanda hadi Kiboriloni, yakaanikwa juu ya turubai kando ya mashati ya mitumba. Fundi Mkuu naye, kwa kuwa alikaa mtaa wa pili, alizoea kuja kila asubuhi na kikombe chake cha kahawa chungu, akakaa kwenye kreti karibu na mlango. Hakuwa na kazi pale. Alikuwa anasikiliza.

Hapo ndipo alipokuja Mama Mkunga.

Alikuwa nesi mkunga wa zahanati moja juu ya Marangu, mama anayekaribia hamsini, mpana, kitenge juu ya suruali, kofia ngumu ya pikipiki juu ya kilemba. Zahanati ilikuwa na pikipiki moja iliyoachwa na mradi wa maji wa Wazungu: ya Kijapani, silinda moja, ya zamani, injini ya kupozwa na upepo. Kwa pikipiki hiyo alipandia vijiji vitatu vya juu kabisa, vile vinavyopakana na msitu, kwa kliniki ya wajawazito na kwa mama yeyote aliyezidiwa. Gari halikuwa likifika kule wakati wa mvua. Ama pikipiki, ama miguu, na kwa miguu ni nusu siku.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba Fundi. Nimeambiwa wewe ndiye mwenye maneno mengi Njoro."

"Ya wengine ni maneno, Mama. Yangu ni kazi."

"Haya. Hii kitu inanizimikia njiani. Juzi imezimika, mama ananisubiri juu, chupa imeshapasuka. Nimefika mtoto anatoka. Safari nyingine sitamkuta."

Nikaisikiliza kwa bisibisi, nikamuuliza anavyopanda. Jibu lilikuwa wazi. Injini ya upepo inataka upepo. Ukipanda mlima kwa gia ya kwanza na ya pili, na boksi la chanjo nyuma, na mama mpana juu yake (hilo sikulisema), chombo kinakwenda polepole, upepo haupo, chuma kinachemka. Oili ikichemka inakuwa nyepesi kama maji, haishiki tena kati ya vyuma, na injini inanoki, yaani vyuma vinagandana kwa joto. Walishambadilishia ringi mara mbili mafundi wengine. Walikuwa wanatibu homa bila kuua mbu.

Nikamwambia: "Mama, hii nitaiwekea rejeta."

"Rejeta si ya magari? Hii ina maji?"

"Rejeta ya oili. Utaona."

Kitu chenyewe nilikipata Kiboriloni, kimetoka kwenye pikipiki kubwa ya Kijapani: kisanduku cha aluminiamu ukubwa wa kitabu cha sala, mapezi mengi membamba, midomo miwili upande mmoja. Oili ya moto inaingia mdomo mmoja, inazunguka ndani, upepo unapita kwenye mapezi, inatoka mdomo wa pili imepoa. Pikipiki ya Mama Mkunga haikutengenezwa iwe na kitu hicho. Hakuna fundi Moshi aliyewahi kukifunga kwenye injini ya aina ile, nami sikuwa na kitabu. Nilikuwa na macho.

Nawaeleza jinsi ya kukifunga kwa sababu hakuna atakayewaeleza. Injini ile ilikuwa na bomba jembamba la nje, linalopandisha oili kutoka kwenye pampu chini hadi kwenye hedi, kile kichwa cha silinda. Kule juu ndiko iliko kamshafti, mtaimbo mfupi wenye nundu unaosukuma valvu zifunguke na kufunga. Kamshafti haina beringi za kuviringika, inaelea juu ya utando wa oili tu. Oili isipofika, chuma kinakula chuma. Basi nilikata lile bomba katikati, nikaipitisha oili kwenye rejeta kwanza, ndipo ipande kwenye hedi.

Mipira usitumie ya petroli, itapasuka. Nilikwenda kwa watu wa matrekta wakanibania mipira ya haidroliki yenye waya ndani. Washa za shaba, zile pete za kuzuia kuvuja, usizifunge zilivyo. Zichome hadi ziwe nyekundu, zitumbukize majini, zinakuwa laini na zinakaa. Rejeta usiifunge chuma kwa chuma, mtetemo utaipasua. Nilikata vipande vya tyubu ya baiskeli nikavilalisha chini ya kila boliti. Halafu unaongeza oili, kwa sababu sasa ina nyumba kubwa zaidi. Kabla ya kuondoka unalegeza boliti ya pale juu kwenye hedi, unapiga kiki mpaka uone oili inachuruzika, ndipo unakaza. Kazi hiyo nilifanya siku mbili, na watu walikuja kuangalia tu.

Ikabaki mahali pa kuiweka. Barabara za juu ni mawe na tope. Nikaiweka juu, chini ya taa ya mbele, mbali na mawe, upepo wote unaigonga usoni. Midomo nikaielekeza chini ili mipira iteremke vizuri pande zote mbili kama mikono ya mtu aliyesimama. Ilipendeza. Wallahi ilipendeza.

Fundi Mkuu akaweka kikombe chini, akainuka, akaizunguka pikipiki mara moja.

"Nzuri. Ikizimwa, oili inakaa wapi?"

"Inakaa ndani ya injini, Fundi Mkuu. Ingekwenda wapi, nyumbani kwangu?"

Watu wakacheka. Nami nilicheka. Yeye akarudi kwenye kreti yake.

Mama Mkunga alipokuja kuichukua, gereji ilikuwa imejaa. Muuza mahindi wa jirani alikuwepo, wachuuzi walikuwepo. Nikapanda pikipiki mbele yao wote, nikaenda hadi Marangu juu na kurudi bila kuzima hata mara moja. Niliporudi nikatemea mate kwenye silinda, hayakuchemka. Nikasema kwa sauti: "Mama, injini hii ikifa, mimi navua ovaroli." Na nikamwongezea ushauri wa bure, kwa ukarimu wangu: "Na ukiteremka, zima kabisa uachie frii. Injini inapumzika na petroli unaokoa."

"Nitafanya hivyo, Fundi," akasema.

Na alifanya.

Haukupita mwezi wa tatu, akaletwa yeye na pikipiki yake nyuma ya pikapu ya mkaa. Kule juu mama mmoja alikuwa amezalishwa na bibi yake kwa sababu mkunga alikuwa njiani akitembea. Walipona wote wawili, namshukuru Mungu, lakini aliniambia kwanza hilo kabla hata hajanisalimu. Nikafungua hedi mbele ya watu. Kamshafti ilikuwa imeliwa nundu zake, imechubuka kama jino bovu. Pistoni nzima, ringi nzima, hakuna dalili ya joto. Juu tu ndiko kulikokauka.

Hapo ilitakiwa nifikiri. Badala yake nilihisi macho ya watu mgongoni, na lile neno langu la ovaroli. Nikanyanyua kamshafti juu kila mtu aione, nikasema:

"Mama, uliweka oili gani humu? Ya kupikia?"

Gereji nzima ikaangua kicheko. Muuza mahindi akadakia, "Labda alikuwa anakaanga ndizi njiani!" Nikaendelea, maana mtu akishachekewa vizuri hanyamazi: chombo cha kiume kinataka dereva anayejua chombo, si kila mwenye kofia ni dereva.

Mama Mkunga alisubiri vicheko viishe.

"Fundi, mimi nazalisha. Mtoto akipata shida mkononi mwangu, wa kwanza kuulizwa ni mimi. Kwenu huku anaulizwa nani?"

Nikamwandikia kamshafti mpya, roka zake, yaani vile vidole vinavyokanyagwa na nundu, na gasketi. Kamshafti iliagizwa Nairobi. Zahanati ililipa nusu, nusu akalipa yeye mfukoni. Wiki mbili alipanda msituni kwa miguu.

Siku ya kuichukua nilikuwa bado naongea. Nikamwambia safari hii nitapanda naye, nione mwenyewe anavyoiharibu.

"Vizuri," akasema, akaweka kilemba sawa. "Panda nyuma."

"Mimi niendeshe, Mama."

"Ukiendesha wewe utaonaje ninavyoharibu? Panda. Shika hilo boksi, lina chanjo."

Basi nikapanda nyuma ya mwanamke, boksi la chanjo mapajani, kutoka Njoro kupita stendi, kupita sokoni, kila mtu anatazama. Mimi, fundi wa foleni. Alipanda vizuri. Ninasema ukweli, alipanda vizuri kuliko matarishi wangu wote wa zamani: gia kwa wakati wake, kishindo hakikusikika. Tulifika kijiji cha juu kabisa injini imepoa kama jiwe la mtoni. Wakina mama walimpokea kwa vifijo, wakanipa kitawa kwenye bakuli, ule uji wa ndizi mzito, wakidhani mimi ni msaidizi wake. Sikuwasahihisha.

Wakati wa kurudi, kwenye kilele cha kwanza, akazima. Akaachia frii kama nilivyomfundisha. Tukateremka kimya. Kahawa ilikuwa kwenye maua, na ilikuwa ule ukimya ninaoupenda tangu ujana: matairi tu na upepo kwenye migomba. Tukafika darajani, mbele kuna kijilima. Akafungua swichi, akaingiza gia, injini ikashika.

Tik-tik-tik-tik.

Sikio langu lilisikia kabla ya kichwa. Kucha mezani. Valvu inagonga, kule juu kumekauka. Nikahesabu moja, mbili, tatu, nne. Nilipofika tisa, sauti ikafa, injini ikawa laini tena. Akapanda kijilima, akazima. Tukateremka. Akawasha. Tik-tik-tik, mpaka tisa. Kila mara tisa. Kutoka juu hadi barabara kuu aliwasha mara kumi na moja.

Ikizimwa, oili inakaa wapi? Nilikuwa nimeketi nyuma yake, rejeta naiona mbele juu ya bega lake, juu kuliko injini yote, midomo inatazama chini kama kikombe kilichopinduliwa. Injini ikinguruma, pampu inaijaza. Ikizimwa, oili yote inachuruzika kurudi chini. Ukiwasha, pampu inaanza kujaza mpira, inajaza rejeta, inajaza mpira wa pili, ndipo inafika kwenye hedi. Hesabu tisa, kamshafti inazunguka kavu. Anayewasha asubuhi mara moja hatajua kitu kwa miaka. Anayeteremka Kilimanjaro kwa kuzima na kuwasha, mara kumi na moja kila siku ya kliniki, kama alivyofundishwa na fundi wake mwenyewe, anakula chuma.

Na kamshafti mpya ilikuwa inaliwa mbele yangu.

Tulipofika barabara kuu aligeuza kichwa. "Haya Fundi. Nimeharibu wapi?"

"Umeendesha vizuri, Mama," nikasema. Basi. Nikashuka nikatafuta usafiri wa kwenda mjini. Hilo ndilo lililonichosha kuliko kazi yote niliyofanya maishani, yale maneno matatu na kunyamaza kulikofuata.

Kesho yake Fundi Mkuu alikuwa kwenye kreti. Nikakaa chini kando yake, jambo ambalo sikuwa nalifanya.

"Fundi Mkuu, lile swali lako la oili."

"Swali lipi? Ulicheka sana, nikajua jibu unalo."

"Kwa nini hukuniambia wazi?"

"Nilikuambia. Tangu siku ya kwanza nataka masikio, wewe unaniletea mikono."

Nikamwambia mpango wangu. Nitamwita Mama Mkunga chini, nitasema ni ukaguzi wa kawaida, nitahamisha rejeta kimya kimya, yataisha.

Akanywa kahawa yake. "Rejeta utaihamisha. Na jina la yule mama ulilolichafua hapa, utalihamisha kwa spana namba ngapi?"

Siku tatu sikupata usingizi wa kueleweka, na katika siku hizo zote tatu alikuwa anawasha na kuzima huko juu. Ya nne ilikuwa Jumatano. Nikapanda kwetu Masama. Kwenye mpaka wa kihamba cha baba yangu, lile shamba la nyumbani la migomba na kahawa, kuna mstari wa masale. Nyumba za kwetu hazihitaji kuambiwa isale ni nini, lakini msiotoka huku jueni: ni jani refu la kijani, na Mchagga aliyemkosea mwenzake analifunga fundo, analibeba mkononi, anakwenda. Ukiona mtu anakuja na isale huulizi kaja kufanya nini. Na ukiletewa, hukatai. Nilikuwa sijawahi kulibeba. Nilikuwa naona ni la wazee waliouza ng'ombe wa ndugu.

Nilimkuta zahanati anapima watoto uzito. Foleni ya kina mama, mizani inaning'inia, mtoto analia ndani ya kikaptura cha kupimia. Wote walinyamaza walipoona nilichoshika. Mtoto tu hakunyamaza.

"Shikamoo Mama."

Alimaliza kusoma mizani, akaandika, akampa mtoto kwa mama yake. "Marahaba. Sema."

"Kamshafti niliiua mimi. Rejeta nimeiweka juu, oili inarudi chini ukizima. Na kuzima nilikufundisha mimi. Juzi nilisikia nikiwa nyuma yako, nikanyamaza."

"Mara ngapi ulisikia?"

"Kumi na moja."

Akalipokea isale kwa mikono miwili, akaliweka juu ya daftari la kliniki. "Isale halikataliwi. Nimekusamehe, na leo natembea, siiwashi. Lakini msamaha wangu uko huku, Fundi. Jina langu liko Njoro."

Jumamosi akaja, pikipiki iko kwenye pikapu ileile ya mkaa. Gereji imejaa, kama ilivyokuwa siku ile. Nikapanda juu ya boksi la vifaa. Nimezungumza mbele ya watu maisha yangu yote, lakini siku hiyo ulimi ulikuwa kama umefungwa na gasketi. Nikasema: huyu mama aliweka oili safi, aliendesha kama nilivyomfundisha, na anaendesha vizuri kunizidi mimi. Aliyeua injini ni mimi. Kisha nikavua ovaroli, kwa sababu nilisema nitavua.

Muuza mahindi akapaza sauti: "Kumbe aliyekuwa anakaanga ndizi ni wewe!"

Wakacheka mpaka wakashika nguzo. Mama Mkunga alicheka kuliko wote. Akaokota ovaroli chini, akaikung'uta, akanirushia. "Vaa, Fundi. Jumatatu nina wajawazito."

Rejeta niliishusha mbele ya injini, chini, midomo ikitazama juu, ili ikizimwa ibaki imejaa. Kwa ajili ya mawe nikaifungia uso wa wavu wa kukaushia kahawa, hakuna kinga bora kuliko hiyo. Nikaweka kamshafti nyingine, niliyoibahatisha Kiboriloni, kwa maana ile ya Nairobi nayo ilikuwa imeanza kuchubuka. Fundi Mkuu alishika bisibisi sikioni mwenyewe. Tukawasha, tukazima, tukawasha. Hata moja haikutimia. "Sasa inakaa," akasema. Yule mzee amekufa, Mungu amrehemu, na kreti yake sijaiondoa.

Mama Mkunga aliendelea kuteremka amezima, sikumkataza; kosa halikuwa mteremko. Pikipiki ile ilimpandisha msituni mpaka alipostaafu. Wateja walinipungua kwa muda, halafu wakarudi, na wengi walisema wamekuja kwa sababu ya siku ile. Sijui. Mwaka huu nimefunga gereji. Magoti hayakunjuki, na sikio la kushoto, lile la bisibisi, linavuma hata nikiwa kanisani. Pikipiki za sasa ni nyepesi, zikifa zinatupwa, na vijana wanaziendesha mlimani bila hata kujua oili iko upande gani. Sina nguvu ya kuwafokea. Nimejenga nyumba kwa mikono hii, nimesomesha watoto wanne kwa mikono hii, na ukiniuliza nyumba ilikula kiasi gani nitakuambia sikumbuki. Lile kosa nalikumbuka lote. Fedha ya kamshafti ya kwanza niliyoirudisha, ya zahanati na ya kwake. Kamshafti ya pili na roka zake. Mipira mirefu mipya kwa watu wa matrekta. Pikapu ya mkaa. Nauli ya kupanda Masama, na ya kupanda Marangu isale likiwa mkononi. Isale lenyewe lilikuwa bure. Vingine vyote, shilingi laki moja na kumi na saba elfu, mia sita na hamsini.